Namna ya Kupata Nauli Nafuu za Treni Nchini Uingereza

Mgeni aliyezoea nauli moja iliyotangazwa kwa kila daraja hushangaa anapogundua kuwa abiria wawili walioketi pamoja katika treni ya London kwenda Manchester wanaweza kuwa wamelipa bei zinazotofautiana mara mbili au zaidi. Tofauti hiyo hutokana na aina ya tiketi, siku iliponunuliwa, na kadi ya punguzo.

Anza na kadi, maana ndiyo inayorudisha gharama yake haraka kuliko hatua nyingine yoyote. Kadi iitwayo Railcard kwa kawaida huuzwa pauni 35 kwa mwaka na kupunguza theluthi moja ya nauli nyingi, wala haimlazimu mnunuzi kuwa raia. Ile ya vijana wa miaka 16 hadi 25 hutolewa pia kwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi iwapo anasoma chuoni kwa muda wote, jambo ambalo wengi waliokuja kusomea shahada ya uzamili wakiwa na miaka 35 au 40 hawalijui kabisa. Zipo pia kadi za wazee, za watu wawili wasafirio pamoja, na za familia. Soma masharti ya kila moja, kwa kuwa baadhi zina vikwazo asubuhi za siku za kazi.

Baada ya kadi, tazama tarehe. Tiketi ya bei ya chini kabisa kwa safari ndefu kwa kawaida ni ile iitwayo Advance, ambayo mara nyingi hutolewa wiki 12 hivi kabla ya safari na kupanda bei kadiri zile za awali zinavyokwisha. Sharti lake ni gumu: inakufunga kwenye treni moja tu, na ukiikosa kwa kuchelewa kwako mwenyewe utanunua tiketi nyingine. Muuguzi ambaye zamu yake inaweza kurefushwa wakati wowote ni heri achukue Off-Peak, inayompa nafasi ya kupanda treni yoyote ya njia hiyo nje ya saa za msongamano.

Njia ya tatu ni kuigawa safari. Badala ya tiketi moja ya London hadi Bristol, unaweza kununua ya London hadi Didcot Parkway na nyingine ya Didcot hadi Bristol, ukabaki kitini mwako mwanzo hadi mwisho, na wakati mwingine jumla ikawa ndogo. Kanuni zinaruhusu jambo hili, ilimradi treni yenyewe isimame katika stesheni unapogawia. Linganisha kwanza, kwani si kila njia inayoleta nafuu.

Kati ya London na Birmingham, treni za mwendo wa polepole zinazotoka stesheni ya Euston, na zile za stesheni ya Marylebone, aghalabu zina nauli nafuu kuliko za kasi. Nunua katika tovuti ya kampuni ya treni yenyewe, maana mawakala kadhaa huongeza ada.

Tiketi usiitupe ukishafika. Treni ikichelewa dakika 15 au 30, kutegemea kampuni, unayo haki ya kudai fidia, na kwa kawaida dai hupelekwa ndani ya siku 28.