Somo: Kuandika maelezo ya kigawa kumbukumbu ambayo mwenzako anaweza kuyategemea

Miaka kadhaa nyuma nilikabidhiwa kigawa kumbukumbu (sehemu ya programu inayotoa na kupokea tena maeneo ya kumbukumbu, yaani bloku) kilichoandikwa kwa C na mtu aliyekwisha kuondoka kazini. Msimbo ulikuwa safi, na juu ya kila fanksheni palikuwa na komenti. Ila kigeu kimoja, `ukubwa`, kilielezwa kwa maneno matatu tu: "ukubwa wa bloku". Pamoja na kichwa (baiti za mwanzo wa bloku zinazotunza taarifa zake), au bila kichwa? Mimi nilidhani bila. Mwandishi alikusudia pamoja. Basi nikawa naandika baiti 16 kupita mpaka wa bloku, programu inakwenda vizuri asubuhi nzima, halafu inakufa jioni mahali pasipohusiana kabisa na kosa langu. Siku nne zilipita kabla sijaliona.

Ndiyo maana nalitilia mkazo somo hili. Katika msimbo wa kawaida komenti mbovu inakupotezea muda. Katika kigawa kumbukumbu inaharibu data ya watu wengine, na kimyakimya.

Tutatumia mfano mdogo: bwawa la baiti 65,536 (eneo zima la kumbukumbu tunalogawa), orodha ya bloku huru iliyopangwa kwa anwani, na fanksheni mbili, `gawa()` na `achia()`. Mashine ni ya biti 64.

Hatua ya 1: Tenganisha maana za "ukubwa"

Anza hapa kabla ya kugusa kitu kingine. Mtumiaji akiomba baiti 20, kigawa chetu kinakuwa na namba tatu mkononi: 20 alizoomba, 32 baada ya kupandisha hadi kizidisho cha 16, na 48 tukiongeza kichwa cha baiti 16. Zote tatu watu huziita ukubwa. Zipe majina matatu, na uyashike faili zima:

```c
/*
 * ombi  : baiti alizotaja mtumiaji
 * uwezo : baiti anazoweza kuzitumia kweli; uwezo >= ombi
 * jumla : uwezo + 16 za kichwa, daima kizidisho cha 16,
 *         haipungui 32
 */
struct kichwa {
    size_t jumla;
    struct kichwa *linalofuata; /* Ina maana bloku ikiwa huru tu */
};
```

Tazama komenti ya mwisho. Bloku ikishatolewa, `linalofuata` ni takataka, na asiyejua hilo ataifuata siku moja.

Hatua ya 2: Chora bloku

Usione haya kuchora kwa herufi ndani ya komenti. Faili la `malloc.c` la glibc, maktaba ya C inayotumika kwenye Linux, linafanya hivyo tangu msimbo wa Doug Lea, aliyeanza kuandika kigawa chake mwaka 1987. Bila ule mchoro, sidhani kama mtu angeelewa kwa urahisi kwamba sehemu inayohifadhi ukubwa wa bloku iliyotangulia huwa na maana pale tu bloku hiyo iliyotangulia ikiwa huru. Ikiwa inatumika, baiti hizohizo ni za data ya mtumiaji. Pia ukubwa wa bloku ni kizidisho cha 16 kwenye Linux ya biti 64, kwa hiyo biti za chini za namba hiyo hazina kazi, na glibc huzitumia tatu kama alama. Ujanja wa namna hiyo hausomeki kutoka kwenye msimbo mtupu.

Wetu ni mwepesi:

```
+---------+---------------+---------------------------+
| jumla 8 | linalofuata 8 | uwezo ...                 |
+---------+---------------+---------------------------+
^ kichwa                  ^ pointa anayopewa mtumiaji
```

Hatua ya 3: Andika ahadi ya kila fanksheni

"Inagawa kumbukumbu" ni kurudia jina la fanksheni. Anayeita `gawa()` anataka kujua atapata nini, na atapata nini mambo yakiharibika:

```c
/*
 * Hurejesha pointa ya eneo lenye angalau baiti `ombi`,
 * kwenye anwani inayogawanyika kwa 16.
 * Yaliyomo hayajasafishwa. Usiyasome kabla ya kuyaandika.
 * ombi ikiwa 0, hurejesha NULL.
 * Nafasi ikikosekana, hurejesha NULL na bwawa halibadiliki.
 * Eneo ni la aliyeomba mpaka aliachie kwa achia().
 * Nyuzi mbili zisiiite kwa pamoja: hakuna kufuli ndani.
 */
void *gawa(size_t ombi);
```

Mstari wa sifuri si wa kuruka. Kiwango cha C kinaruhusu `malloc(0)`, yaani fanksheni ya C yenyewe ya kuomba kumbukumbu ikiombwa baiti sifuri, irejeshe NULL au pointa isiyopaswa kusomwa wala kuandikiwa, kwa hiyo kila kigawa lazima kiseme kimechagua lipi.

Kwa `achia()` taja mambo matatu: NULL inakubalika na haifanyi kitu, pointa lazima iwe imetoka kwa `gawa()`, kuachia mara mbili ni kosa ambalo hatuligundui. Hilo la tatu waandishi wengi hulificha kwa aibu. Liandike wazi. Msomaji akijua hakuna ulinzi, atajilinda mwenyewe.

Hatua ya 4: Andika kanuni zisizovunjwa

Hizi ndizo roho ya kigawa, nazo mara nyingi hubaki kichwani mwa mwandishi. Zetu ni nne. Orodha ya bloku huru imepangwa kwa anwani, kutoka ndogo kwenda kubwa. Hakuna bloku mbili huru zinazogusana, maana `achia()` huziunganisha. Bloku iliyotolewa haimo orodhani. Na ukijumlisha `jumla` za bloku zote, huru na zinazotumika, unapata 65,536 kamili.

Ziweke juu ya faili, pamoja na sentensi moja inayosema ni lini zinavunjika kwa muda: katikati ya `gawa()` na `achia()` tu, kamwe si wakati zinaporejea. Kisha andika fanksheni `kagua()` inayoanza mwanzo wa bwawa, inaruka bloku baada ya bloku kwa `jumla`, na kuhakikisha kwa `assert` kwamba inafika mwisho kabisa bila kupita wala kupungukiwa. Iite baada ya kila jaribio. Kanuni iliyoandikwa namna hiyo haiwezi kuzeeka bila wewe kujua.

Hatua ya 5: Eleza sababu ya mistari ya ajabu

```c
/* Bila ukaguzi huu, ombi + 31 huzunguka na kuwa namba
   ndogo, na mtumiaji hupewa bloku ndogo kuliko aliyoomba.
   31 = 15 za kupandisha + 16 za kichwa. */
if (ombi > SIZE_MAX - 31) return NULL;
```

Mstari huu ukiachwa bila maelezo, mwenzako mwenye nia njema ataufuta akisafisha msimbo. Vivyo hivyo, eleza kwa nini hatukati bloku ikiwa kinachobaki ni chini ya 32: baiti 16 zinatosha kichwa peke yake, hakuna pa kuweka data. Kwa hiyo tunatoa bloku nzima, na ndiyo sababu aliyeomba 20 anaweza kupata uwezo wa 48 badala ya 32.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, komenti niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?*

Angalia nani atausoma msimbo. Ukitaka kuchangia glibc au mradi mwingine wa kimataifa, Kiingereza. Kama timu nzima ni yenu ya hapa nyumbani, andikeni kwa Kiswahili bila wasiwasi. Sharti ni moja: neno moja kwa kitu kimoja. Ukiita "bloku" ukurasa huu na "kipande" ukurasa unaofuata, umerudisha tatizo la hatua ya 1.

*Kwenye Linux nimeomba baiti 24 ikachukua 32, nikaomba 25 ikachukua 48. Kwa nini baiti moja iongeze 16?*

Hapo uko kwenye glibc ya biti 64. Inaongeza baiti 8 za kichwa, kisha inapandisha hadi kizidisho cha 16. 24 na 8 ni 32 kamili. 25 na 8 ni 33, inapanda hadi 48. Jedwali dogo la mifano kama hiyo ndani ya komenti linafaa kuliko fomula peke yake. Weka namba za mpakani kama ulivyofanya wewe.

*Nina fanksheni yangu inayofanana na realloc, ile ya C ya kubadilisha ukubwa wa bloku. Nini nisisahau kuandika?*

Kwanza, ikishindwa inarejesha NULL na bloku ya zamani inabaki hai na ni ya mtumiaji bado. Watu wanaoandika `p = realloc(p, n)` huipoteza hapohapo. Pili, ikifaulu, pointa ya zamani imekufa, hata kama anwani haikubadilika. Tatu, amua ukubwa wa sifuri unafanya nini. Kwenye `realloc` yenyewe utekelezaji ulitofautiana kwa miaka mingi, na kiwango cha C23 kimelifanya jambo hilo kuwa tabia isiyofafanuliwa kabisa. Usimwachie msomaji abahatishe.

*Bosi anataka tutumie Doxygen, programu inayotengeneza kurasa za maelezo kutoka kwenye komenti. Je, hilo linatosha, shikamoo mwalimu?*

Marahaba. Doxygen itakupangia kurasa vizuri, itumieni. Ila nimeona kurasa nyingi zenye `@param ukubwa` na pembeni yake "ukubwa". Fanya hatua ya 1 na ya 3 kwanza, kisha uzihamishie kwenye muundo huo. Na kanuni za hatua ya 4 ziweke kwenye `@file`, maana hazihusu fanksheni moja.

*Maelezo yetu yalikuwa sahihi mwaka jana, leo yanadanganya. Tufanyeje?*

Kila namba iliyo kwenye komenti na inayoweza kukaguliwa na kompaila, ikaguliwe na kompaila. Kwa mfano wetu:

```c
_Static_assert(sizeof(struct kichwa) == 16,
               "mchoro wa bloku na namba 31 vinategemea hili");
```

Mtu akiongeza sehemu kwenye kichwa, msimbo hautakubali kujengwa, na ujumbe utamwambia akarekebishe wapi.