Somo: Kutunza mshono wa tumbo nyumbani baada ya upasuaji wa utumbo

Utumbo umejaa vijidudu, na wakati wa upasuaji vingine huweza kufika kwenye ngozi. Ndiyo maana mshono huu huingia usaha kwa urahisi kuliko mingine mingi. Mamangu alitoka hospitali mshono ukiwa mkavu. Siku ya tano nikaona wekundu chini ya kitovu, upana wa ukucha wa kidole gumba, pale jasho lilipokaa kwenye mkunjo wa tumbo. Tukamrudisha siku hiyo hiyo.

Kwanza mikono: sabuni na maji ya kumwagiwa, sekunde 20, kabla na baada ya kugusa bandeji. Hata kama maji ni ya mkokoteni, mtu akumwagie kwa kata. Usinawe ndani ya beseni.

Pili, bandeji ya hospitali iacheni saa 48 za mwanzo, ila ikilowa au ikibanduka. Baadaye, daktari akiruhusu, mgonjwa aoge maji ya kumwagia, bila kusugua. Mkausheni kwa kugusagusa na kitambaa safi cha mshono pekee.

Tatu ni ukavu, na kwa joto la Mombasa hapa ndipo penye kazi. Dera jepesi la pamba, feni, mkunjo uinuliwe ukaushwe. Bandeji ikilowa jasho ibadilishwe pale pale, hata usiku wa manane.

Msitie unga wa tembe, asali wala spiriti. Na kukanda kwa maji moto, tafadhali, tumbo liacheni. Bibi akikasirika, mwambieni ni agizo la daktari.

Maswali

*Likoni: Kunatoka majimaji mepesi. Ni usaha?*
Kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Yakiwa mazito, yakinuka, wekundu ukitanuka au homa ikifika 38, rudini hospitali. Yakifanana na choo, au mshono ukifunguka, ni dharura: funikeni kwa kitambaa safi, asile wala asinywe, mwondoke saa hiyo.

*Kisauni: Baba ana kifuko cha choo kando ya mshono.*
Safisha na ufunike mshono kwanza, kifuko baadaye. Kimwage kikifika thuluthi, usingoje kijae kikavuja.

*Bamburi: Maji ya bahari si yanaponya?*
La, dada. Bahari ina vijidudu vyake. Asiingie mpaka mshono ufunge kabisa na daktari auone.