Keki ya chokoleti isiyo na gluteni: maharagi, mayai na makala (mkaa)

Keki hii haina unga wa aina yoyote: si wa ngano, si wa lozi, si wa mchele. Hakuna haja ya kutafuta maboksi ya unga maalumu yanayoletwa kutoka Ulaya na kuuzwa kwa bei ya kukatisha tamaa. Kinachoisimamisha ni maharagi yaliyoiva kabisa na mayai matano, vitu ambavyo nyumba yoyote ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, inavijua.

Katika keki ya kawaida kuna kazi mbili. Gluteni, yaani protini ya ngano, inafunga mapovu ya hewa yasitoroke, na wanga unakunywa maji ili keki isibaki tope. Hapa kazi ya kwanza inafanywa na protini ya mayai, ya pili na wanga pamoja na nyuzinyuzi za maharagi. Unga wa muhogo hauwezi kushika nafasi hiyo peke yake kwa sababu karibu wote ni wanga. Keki yake inavutika katikati kama bugali (ugali), na ule wa muhogo uliolowekwa una harufu ya uchachu ambayo hata kakao haiifichi.

Sababu kubwa zaidi, hasa kama unapikia mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni inamdhuru utumbo, ni mashine ya kusaga. Mashine ya mtaani inasaga mahindi, muhogo, mtama, soya, na mara nyingine ngano pia, maana ngano inalimwa kwenye milima ya Lubero. Unga unaobaki ndani unatoka pamoja na wa mteja anayefuata. Kanuni ya kimataifa ya chakula, Codex, inataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidishe miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja. Unga wa ngano wa kiasi cha robo gramu tu, ule unaobaki kwenye ncha ya kijiko, unatosha kuifikisha keki ya kilo moja kwenye mpaka huo. Maharagi mazima hayapiti mashineni. Unayachagua kwa mkono, unayaosha, na unajua yametoka wapi.

Vitu vya kuandaa

Kwa chombo cha duara chenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 6 au zaidi:

- maharagi makavu gramu 140, yatakayotoa gramu 300 hivi yakiiva na kuchujwa
- mayai 5 ya ukubwa wa kati
- sukari gramu 180 (vijiko 14 vya kulia, vilivyosawazishwa)
- kakao tupu isiyo na sukari, gramu 50 (vijiko 8 vya kulia, vilivyosawazishwa)
- mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, mililita 80
- kahawa nzito iliyopoa, mililita 45 (vijiko 3 vya kulia)
- levure chimique (hamira ya keki, baking powder), gramu 5 (kijiko kimoja cha chai na robo)
- chumvi, robo kijiko cha chai
- sukari ya vanila, pakiti moja ndogo

Soma maandishi ya pakiti, ambayo kwetu mengi ni ya Kifaransa. Maneno ya kukimbia ni *blé* (ngano), *orge* (shayiri), *seigle* (rai) na *malt* (malti). Levure chimique nyingine imechanganywa na *amidon de blé*, yaani wanga wa ngano. Chukua ile yenye *amidon de maïs*, wanga wa mahindi. Kakao ya kunywa iliyotiwa sukari na malti haifai hata kidogo, kwa kuwa malti inatokana na shayiri. Kakao tupu ina kiungo kimoja tu. Zao lenyewe linalimwa Beni, kwa hiyo ukipata kakao ya huko iliyosagwa kwenye mashine inayosaga kakao peke yake, ichukue bila wasiwasi. Kahawa si lazima iwe ya bei: ya Idjwi au ya Kalehe iliyochemshwa nzito inatosha. Haitasikika kama kahawa. Kazi yake ni kuikoleza chokoleti na kuizima ladha ya maharagi.

1. Maharagi (hapa ndipo keki inafaulu au inaharibika)

Sokoni Kadutu utakuta rangi nyingi kwenye mafungu. Mekundu, meusi na ya njano yote yanafaa. Ya njano yana ganda laini na yanasagika upesi, kwa hiyo kama huna mashine ya umeme (blenda) anza na hayo. Chagua mapya: maharagi ya zamani yanabaki na kiini kigumu hata ukiyachemsha nusu siku, na kiini hicho utakikuta kwenye keki kama mchanga.

Yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, weka mengine mapya. Usitie chumvi, kitunguu wala mafuta. Maharagi yaliyobaki kwenye chakula cha jana, yaliyokwisha kukaangwa na kitunguu, hayafai kwa keki hata ukiyaosha mara tatu.

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharagi hapa yanachelewa kuiva kuliko maelekezo mengi yanavyosema. Anza kwa kuyachemsha kwa nguvu nusu saa nzima, hasa mekundu: yana sumu ya asili inayosumbua tumbo, na moto mdogo hauimalizi. Kisha punguza moto uendelee kwa saa moja na nusu hivi. Kipimo ni ulimi. Bonyeza haragi moja kati ya ulimi na kaakaa bila kutumia meno. Likivunjika na kuwa laini kama siagi, ganda na yote, yameiva. Ukisikia hata chembe ya ugumu, yarudishe motoni.

Yachuje, yatandaze kwenye chujio au kitambaa safi kwa dakika 20, uyatikise mara mbili tatu. Ndipo upime gramu 300. Usiyapime yakiwa bado yanadondosha maji: vijiko vitatu vya maji vilivyojificha kati ya maharagi vinatosha kuacha tabaka la tope chini ya keki. Kama huna mizani, ni kama mililita 400 kwenye jagi la kupimia, bila kushindilia.

2. Vyombo

Osha kila kitu upya kwa sabuni, hata kilicho safi kwa macho. Chekeche ndicho kinachosahaulika zaidi. Kiinue kwenye mwanga uangalie nyavu zake: kama kimewahi kupitisha unga wa ngano, utaona vumbi jeupe lililoganda pale waya zinapokutana na ukingo, na vumbi hilo halitoki kwa kusuuza. Tumia kingine. Mwiko wa mbao uliokandia mandazi uache pia. Tumia wa chuma au wa plastiki.

Paka chombo mafuta, weka karatasi ya kuokea chini, kisha nyunyiza kakao pembeni. Mkono uliozoea utataka kunyunyiza unga wa ngano. Ufiche mbali kabla hujaanza.

3. Rojo

Mayai yatoke kwenye frigo mapema, au yakae dakika 5 kwenye maji ya vuguvugu. Asubuhi za Bukavu zina baridi, na yai la baridi halipandi.

Saga maharagi pamoja na mayai 2, mafuta na kahawa mpaka yawe laini kabisa. Kwa mashine ni dakika 3 hadi 4, ukisimama kukwangua pembeni. Paka kidogo kati ya vidole viwili usugue: usisikie chembe. Bila umeme, ponda maharagi peke yake kwenye kinu, yasukume kwenye chekeche kwa mgongo wa kijiko ili maganda yabaki, ndipo uchanganye na hivyo vingine. Ukitumia njia hii ongeza gramu 30 za maharagi, maana maganda yanaondoka na uzito wake. Kinu cha sombe (majani ya muhogo) hakifai: mti umekwisha kunywa vitunguu na pilipili, na keki itavitoa.

Changanya kakao, levure chimique na chumvi, pitisha kwenye chekeche juu ya rojo, koroga mpaka rangi iwe moja.

Katika bakuli lingine piga mayai 3 yaliyobaki na sukari yote pamoja na vanila. Kwa mashine dakika 5, kwa mkono 10 au zaidi, na hapa usijihurumie. Yatakuwa meupe, yataongezeka karibu mara tatu, na ukiinua kipigio uzi unaodondoka utakaa juu kwa sekunde chache kabla ya kuzama. Hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Levure inasaidia tu.

Ingiza theluthi moja ya povu kwenye rojo na ukoroge kawaida ili lilegee. Theluthi mbili zilizobaki zikunje taratibu, kutoka chini kwenda juu, mpaka usione michirizi myeupe. Mimina mara moja, chombo kisipite theluthi mbili.

4. Moto

Kwa oveni ni nyuzi 170 hadi 175, dakika 40 hadi 50, katikati ya oveni. Umeme ukikatika baada ya nusu saa, acha mlango umefungwa. Joto lililobaki linaweza kumaliza kazi. Ukikatika mapema zaidi, keki haijashika, na ni vizuri kuwa na makala yaliyokwisha kuwaka.

Kwa mbabula (jiko la makala), tafuta sufuria nzito yenye upana wa sentimita 28 hadi 30, yenye mfuniko bapa wa chuma. Tandaza changarawe kavu kwa kina cha sentimita 2. Mawe ya volkano yanayotoka Goma yana matundu yanayotunza maji na yanaweza kupasuka yakipata moto, kwa hiyo yakaushe kwanza, mbali na watu. Funika, weka makala 8 hivi ya ukubwa wa yai chini, na 15 hivi juu ya mfuniko, yakizunguka ukingo zaidi kuliko katikati. Pasha dakika 20.

Pima joto kwa karatasi nyeupe: iweke ndani, funika dakika 5. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, weka keki. Ikiwa kahawia nyeusi, punguza makala ya chini. Ikiwa bado nyeupe, ongeza ya juu. Kosa la kawaida ni kuweka moto mwingi chini kama wa kupika bugali. Kakao inaungua upesi, na uchungu wake unapanda mpaka juu.

Weka makala ya akiba kwenye mbabula ya pili, kwa kuwa ya juu yatachoka baada ya dakika 25 hivi. Ongeza juu bila kufunua, na upulize majivu, maana yanazuia joto. Usifunue kabla ya dakika 35. Ukifunua, inua mfuniko wima bila kuuinamisha, majivu yasianguke. Pikia nje au penye hewa. Makala ndani ya chumba kilichofungwa yanaua.

Keki imeiva ikijitenga na ukingo kidogo, katikati ikarudi juu ukiigusa, na kijiti kikatoka na makombo yenye unyevu bila rojo. Anayetumia kipimajoto asisubiri nyuzi 98 zinazoandikwa kwa watu wa pwani. Kwa mwinuko wetu 92 au 93 katikati ni mwisho.

Ikiharibika

Ikipanda vizuri kisha ikazama katikati, mara nyingi levure ilizidi. Hewa ya mwinuko huu ni nyepesi, gesi inatanuka zaidi, mapovu yanapasuka kabla yai halijashika. Pwani wangetia gramu 6 au 7. Hapa 5 inatosha. Kuzama kidogo, sentimita moja, ni kawaida ya keki isiyo na gluteni.

Ikiwa kama mpira, moto ulikuwa mkali na mayai yamekuwa kama ya kukaanga. Ikiwa na tabaka zito chini, ama maharagi yalikuwa na maji, ama povu halikukunjwa hadi chini, ama makala ya chini yalizimika.

Ikisikika maharagi, huenda umeionja ikiwa moto. Ladha hiyo inapungua keki inapopoa, na siku ya pili karibu haipo. Kwa hiyo iache kwenye chombo nusu saa, igeuze, ipoe kabisa, ifunike vizuri ilale usiku mmoja. Keki ya sikukuu ya Jumapili ipikwe Jumamosi.

Ukipata chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 70, yeyusha gramu 100 uichanganye na rojo la maharagi. Punguza kakao hadi gramu 25, mafuta hadi mililita 50 na sukari hadi gramu 150. Inatoka nzito zaidi, na kwangu ndiyo bora.

Ikifunikwa inakaa siku 2 nje kwa baridi ya Bukavu, siku 4 kwenye frigo. Ikate kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila baada ya kipande, na kisiwe kile cha mkate.