Jinsi ya Kuandika Andiko la Kuombea Ruzuku ya Kuwafunza na Kuwaajiri Wakutubi na Watunza Nyaraka

Mwongozo huu unawahusu wanaosimamia maktaba, masjala na vyama vya ushirika vya Moshi na Arusha, ambako mara nyingi nyaraka ni nyingi kuliko watu wa kuzihudumia. Maandiko mengi ya aina hii huomba kompyuta na makabati kwanza, kisha mafunzo yakatajwa katika aya ya mwisho. Mimi nashauri uanze na watu.

Hatua ya 1: Eleza kazi isiyofanyika. Usiandike tu kwamba unahitaji watunza nyaraka wawili. Katika mkoa wa Kilimanjaro, ambako KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianzishwa mwaka 1933, chama cha msingi kinaweza kuwa na mihtasari ya mikutano na daftari za mapokezi ya kahawa za miongo kadhaa ambazo hazijaorodheshwa. Taja ni daftari zipi, zimerundikwa wapi, na ni nani huzikosa anapozihitaji.

Hatua ya 2: Chagua kiwango cha mafunzo. Kwa cheti na stashahada kipo chuo cha ukutubi na nyaraka cha Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Chuo cha Utumishi wa Umma hufundisha utunzaji wa kumbukumbu. Karani wa masjala mwenye uzoefu huenda akahitaji kozi fupi tu.

Hatua ya 3: Tafuta mfadhili anayelingana na ombi lako. Baraza la Kimataifa la Nyaraka lina mfuko wa kuendeleza nyaraka katika nchi zenye uwezo mdogo. Mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, hugharimia kunakili nyaraka kidijitali huku nakala halisi zikibaki nchini, kwa hiyo mafunzo huingia humo kama sehemu ya kazi, si kama ada ya chuo. Ule mpango wa Marekani wenye jina la Laura Bush, unaojulikana sana kwa kuwafunza wakutubi, ni wa taasisi za Marekani. Usipoteze muda wako huko.

Hatua ya 4: Onyesha nani atalipa mshahara ruzuku ikiisha. Hapa ndipo maandiko mengi huanguka. Taasisi ya umma haiwezi kumwahidi mfadhili ajira, kwa sababu nafasi lazima iwemo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, ipate kibali, na kwa kawaida mchakato upitie Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Omba basi fedha za kuwasomesha watumishi waliopo na kuwapokea wanagenzi, kisha uambatishe barua ya mwajiri inayoeleza kwamba nafasi itaombewa katika ikama ya mwaka wa fedha unaofuata. Barua hiyo itafutwe mapema, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1 na makisio huandaliwa miezi mingi kabla.

Chama cha ushirika kina uhuru zaidi: mkutano mkuu ukipitisha mshahara huo katika makisio ya mapato na matumizi, ambatisha muhtasari wake. Mpangilio ninaoupendelea ni mfadhili kulipa mshahara wote mwaka wa kwanza na nusu mwaka wa pili, kisha chama kiubebe chote. Anayesomeshwa naye asaini mkataba wa kutumikia kwa muda unaoeleweka, kwani Arusha, yenye Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, haikosi waajiri wa kumvutia mtu aliyekwisha kuiva.

Hatua ya 5: Kamilisha bajeti. Tenganisha ada, nauli, malazi na posho ya kujikimu. Kwa mwajiriwa wa chama, ongeza juu ya mshahara mchango wa mwajiri kwa NSSF, ambao kwa kawaida ni asilimia 10. Ukisahaulika, chama ndicho kitakachoulipa.

Hatua ya 6: Wasilisha. Mpe mkuu wa taasisi andiko lote mapema, si ukurasa wa saini peke yake, maana mfadhili akiwa na swali kuhusu ajira atamuuliza yeye.