Namna ya kusoma Biblia ukiwa unaona aibu kuifungua

Wapo watu walioacha kusoma Biblia, wala si kwa uvivu. Wamefanya jambo baya, na sasa kila ukurasa wanauona unawanyooshea kidole. Mimi nafundisha watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, na hao ndio wanaobaki kunisubiri kipindi kikiisha. "Mwalimu, nikishaacha hili ndipo nitarudi kusoma." Huwa nawaambia wanasubiri kumaliza safari ndipo wapande gari. Kisha nawapa mwongozo huu.

Chukua penseli, fungua Mwanzo 3, usome sura yote kwa sauti. Usihangaike kutafuta mstari wa kukariri. Pigia mstari kila jambo ambalo Mungu anafanya baada ya tunda kuliwa, halafu uangalie lipi limetangulia lipi.

Adamu na mkewe wanajishonea majani ya mtini, wanajificha katikati ya miti. Mungu anawaita, anawauliza, anawasikiliza wakitupiana lawama: mume kwa mke, mke kwa nyoka. Anatamka hukumu. Wengi huishia hapo na kufunga kitabu, na ndipo aibu inapozidi. Wewe endelea mpaka mstari wa 21: Mungu anawafanyia mavazi ya ngozi, anawavika. Kutolewa bustanini kunakuja mstari wa 23. Kwa hiyo walitoka wakiwa wamekwisha kuvikwa. Hawakuomba nguo, na sura nzima haina neno hata moja la toba kutoka vinywani mwao. Miiba ilibaki, jasho lilibaki, njia ya kurudi ilifungwa. Lakini aliyewatoa ndiye yuleyule aliyewavika. Wakristo wengi wameona katika ngozi zile dokezo la sadaka itakayokuja, na tafsiri hiyo naiheshimu. Ila kwa mtu aliyelemewa na aibu mimi naanza na lililo wazi: walikuwa uchi, Mungu akawavika. Kaa na mstari huo siku nzima kabla hujaenda mbele.

Sura ya 4 isome vivyo hivyo. Kaini anaonywa kabla hajaua, katika mstari wa 7, kwamba dhambi inamwotea mlangoni. Anaua. Mungu anamwambia kuwa damu ya ndugu yake inalia kutoka ardhini, kisha anamtia alama ili atakayemwona asimuue. Hapa naomba uwe makini, hasa kama dhambi yako imemuumiza mtu. Mungu huyu anasikia damu ya Habili na bado anamlinda Kaini. Asikuambie mtu kwamba kumhurumia mkosaji ni kumsahau aliyekosewa. Katika sura hii aliyekosewa ndiye anayesikilizwa kwanza.

Kisha ruka mpaka kwa Petro, maana Mungu huyo ndiye Wakristo tunayeamini amekuja kwetu katika Yesu. Anza na Luka 22:32. Yesu anamwambia Petro, "Nimekuombea wewe," na baada ya hapo tu, mstari wa 34, anamtabiria kwamba atamkana. Maombi yalitangulia kosa. Sasa nenda Yohana 21. Petro, aliyekana akiota moto wa makaa, anafika ufukweni na kukuta moto wa makaa, samaki na mkate. Yesu anawaita wanafunzi waje wale. Swali la "wanipenda?" linakuja walipokwisha kula. Linaulizwa mara tatu na linamhuzunisha Petro, wala Yesu halikwepeshi. Ila analishwa kwanza.

Ukishaona mpangilio huo, Warumi 5:8 hautakuwa tena mstari wa ukutani. Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi." Hakutusubiri tupone kwanza. Andika mstari huo katika daftari, na chini yake taja dhambi yako kwa jina lake halisi. Kama ni wizi, andika wizi.

Ukifika 2 Samweli 12 utakwama, nami sitakuficha. Mfalme Daudi, aliyezini na mke wa mtu kisha akamfanya mumewe auawe, anakiri, nabii Nathani anamwambia papo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na bado mtoto aliyezaliwa na mwanamke huyo anakufa. Sina maelezo ya kulainisha jambo hilo. Ninachowakataza wanafunzi wangu ni kuichukua sura hiyo na kuifanya kipimo cha kila msiba, cha kwao au cha jirani. Katika Yohana 9 wanafunzi walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, naye akakataa hesabu hiyo.

Usomaji ukitulia, ungama. Mkatoliki ana kitubio mbele ya padri. Mlutheri na Mwanglikana wana maungamo ndani ya ibada. Wengine huungama kwa ndugu wanayemwamini, kama Yakobo 5:16 inavyosema. Tumia njia ya kanisa lako, lakini usiiahirishe ukingojea kujisikia msafi. Zaburi 51 itakusaidia ukikosa maneno.

Mwisho ni Zakayo, mtoza ushuru tajiri, Luka 19, naye msome penseli ikiwa mkononi. Yesu anamwita ashuke mtini na kusema kwamba leo atashinda nyumbani mwake, kabla Zakayo hajaahidi chochote. Baada ya kupokelewa ndipo anaposema atawapa maskini nusu ya mali yake, na aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Basi nawe orodhesha ulichochukua na kwa nani: fedha, jina zuri la mtu, ahadi uliyoivunja. Kinachoweza kurudishwa, kirudishe wiki hii. Kama kumwendea mtu uliyemuumiza kutamtia hofu au kumtonesha, usiende. Mwone kwanza mchungaji au padri wako akushauri. Na kama ulichofanya ni kosa la kisheria, mwambie hilo pia, waziwazi, mapema katika mazungumzo.