Kuhesabu vitwitwi wa Aktiki wakati wa bamvua, Unguja na Pemba

Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, Calidris ferruginea, anayedonoa tope la Chwaka, mashariki mwa Unguja, mwezi wa Novemba, alikuwa kwenye tundra, nyika baridi isiyo na miti, ya kaskazini mwa Siberia mwezi wa Juni. Huko theluji inayeyuka mapema kuliko zamani na wadudu wanatoka mapema, hivyo vifaranga wakichelewa kuanguliwa hukuta chakula kimepungua. Tena kuna lemingi, panya wa tundra. Mwaka wanapojaa, mbweha wa Aktiki hushiba kwao. Mwaka wanapoadimika, mbweha hugeukia mayai na vifaranga. Watafiti wa Afrika Kusini waliusoma mzunguko huo kwenye fukwe zao wenyewe, kwa kupima ni vijana wangapi wamo ndani ya makundi yanayoshuka kutoka kaskazini. Kipimo hicho kinawezekana Zanzibar, na vifaa vyake havizidi mkoba mmoja.

Zinatakiwa namba mbili: jumla ya ndege wa kila aina, na katika kila ndege 100, vijana wangapi. Ya kwanza huonyesha aina inapungua au la. Ya pili huonyesha majira ya kutaga yalikwendaje. Mwaka 2024 ferruginea aliwekwa kwenye daraja la walio hatarini (Vulnerable) katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, pamoja na Pluvialis squatarola, yule mkubwa wa kijivu mwenye kwapa jeusi anaporuka. Ndege hao wawili ndio wa kuanza nao.

Hesabu hufanywa maji yakijaa, kwa sababu yakipwa ndege hutawanyika kilomita nzima za tope na mchanga, nawe huwezi kuwafuata. Maji mafu hayafai: yanapanda na kushuka mita 1 hivi tu, sehemu ya tope inabaki wazi, na ndege wengi hawaji kwenye fungu la mchanga la kupumzikia. Bamvua kubwa kabisa nayo ina shida yake. Maji yanapanda karibu mita 4, fungu lenyewe linazama, na kundi linahamia nyuma ya mikoko usikoliona. Chagua siku moja au mbili kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Wavuvi wanajua kwamba siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku utakayochagua yatajaa saa tisa hivi. Thibitisha kwa jedwali la maji la bandarini, kisha fika saa mbili kabla. Ukifika maji yameshajaa, utawarusha ndege waliokwisha tulia na hesabu imeharibika.

Chwaka ina bahati ya jua. Ukisimama upande wa kijijini alasiri, jua liko mgongoni na rangi zote zinaonekana. Pwani za magharibi, kama Fumba au Wesha kule Pemba, jua la saa hiyo linakupiga usoni na kila ndege anakuwa kivuli cheusi. Huko jipange ili kundi liwe kaskazini au kusini yako. Miezi ya kaskazi, pwani ya mashariki ina upepo wa kutikisa darubini ya kusimamisha, basi shusha miguu yake mpaka uangalie ukiwa umekaa, na tundika mfuko wa mchanga katikati.

Darubini ya mkono ya 8x42 au 10x42, yaani ya kukuza mara 8 au 10, inatosha kwa jumla. Kwa kutenga vijana unahitaji darubini ya kusimamisha ya kukuza mara 20 hadi 60, ingawa juu ya 40 mvuke wa joto huharibu picha mchana. Chukua penseli, kwani wino huchuruzika ukilowa chumvi. Vaa viatu vya mpira vilivyofunga kisigino, maana matumbawe yanakata. Kabla ya yote pita kwa sheha na kamati ya wavuvi ueleze unachofanya, kwani mtu anayeelekeza darubini pwani kina mama wanapookota kombe huzua maswali, na ni haki yao kuuliza. Ukitaka kuifanya kuwa utafiti rasmi, au kumshika ndege mkononi, tafuta kwanza kibali cha Serikali ya Mapinduzi.

Anza kwa kutenga aina. Makosa mengi hutokea hapa. Vitwitwi wanene wenye mdomo mfupi mnyoofu wanaokimbia na kusimama ghafla, wengi wao ni Charadrius leschenaultii, na hao hutaga kwenye majangwa ya Asia ya Kati. Ndege mkubwa mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene, Dromas ardeola, hutaga ndani ya mashimo ya mchanga kandokando ya Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi. Waandike, lakini usiwachanganye na wa Aktiki. Sululu, wenye mdomo mrefu wa kupinda, hupenda kutua juu ya mikoko. Tafuta huko, sio mchangani peke yake.

Kundi dogo hesabu mmoja mmoja. Kundi kubwa hesabu 10, kumbuka wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi lote kwa kipande hicho. Ukizoea tumia vipande vya 50. Karibu kila mtu hupunguza kundi kubwa, kwa sababu wadogo hujificha nyuma ya wakubwa. Basi watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, bila kuambiana, na namba zikipishana zaidi ya asilimia 10 wote warudie. Msipatane kwa mazungumzo. Mwewe akipita na kundi likaruka, piga picha na uhesabu nyumbani. Usiyemtambua aandikwe hivyo hivyo, "kitwitwi mdogo, hajulikani". Na fungu lililokuwa tupu liandikiwe sifuri, kwani pasipoandikwa kitu hakuna atakayejua kama ulifika.

Vijana wa ferruginea hupimwa kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Mapema zaidi vijana wengi hawajafika, kwa maana wazazi hutangulia tangu Agosti. Baada ya hapo kijana hubadilisha manyoya ya mgongoni na kufanana na mkubwa. Kijana ana mgongo wenye magamba, kila unyoya una ukingo mweupe, na kifua kina wekundu hafifu wa udongo. Mkubwa ni wa kijivu kitupu, pengine na mabaka mekundu ya majira ya kutaga. Peleka darubini kutoka ncha moja ya kundi hadi nyingine na mtathmini kila unayemwona vizuri. Usichague. Vijana hupenda kukaa pembeni, hivyo ukiangalia ukingo peke yake utapata wengi kupita ukweli. Ukitathmini ndege 100 ukapata vijana 20, jibu lako linaweza kuyumba asilimia 8 kila upande. Ukifikisha 400, linayumba asilimia 4.

Ukikuta pete au kibandiko cha rangi mguuni, andika rangi, mguu wa kulia au wa kushoto wa ndege mwenyewe, juu au chini ya goti, na herufi zilizopo. Usikisie herufi.

Siku ya pili, maji yakipwa, pima chakula. Chukua bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 10, lizamishe sentimita 15, na ukate tope sehemu mbili: sentimita 4 za juu, ambazo ni takriban urefu wa mdomo wa ferruginea, na zilizobaki. Chekecha kila sehemu kwa chekeche la milimita 1, hesabu minyoo na kombe. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Calidris canutus, kitwitwi mwingine wa Aktiki, waliozaliwa miaka ambayo theluji iliyeyuka mapema walikuwa wadogo na wenye mdomo mfupi, wakashindwa kufikia kombe waliozama kwenye tope la Mauritania. Ndiyo sababu ya kugawa tope. Rekodi pia mashamba ya mwani, watu waliopo, mbwa, na tiara za watalii kule Paje, kwani kundi linalorushwa kila mara huhama, nawe ukaja kudhani limekufa.

Hesabu ya katikati ya Januari ipelekwe kwenye sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, inayosimamiwa na Wetlands International. Karatasi za awali zibaki kwako pamoja na saa ya kuanza, saa ya maji kujaa na upepo.

Juni na Julai rudi mahali pale pale. Utakaowakuta kipindi hicho wengi ni vijana wa mwaka uliopita ambao hawajasafiri kwenda kutaga. Gawa idadi yao kwa ile ya Januari upate kipimo cha pili cha majira yale yale ya Aktiki. Kikipingana sana na kile cha Novemba, angalia kwanza kama kusi lilikulazimisha kuhesabu kutoka mahali pengine.