Somo: Kubeba fanicha za kwenye boksi kwa gari dogo

Fanicha za kuunganisha mwenyewe huzuga macho. Kabati zima limelazwa kwenye boksi jembamba, unadhani ni jepesi. Nyingi ni chipubodi, yaani chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na boksi la kabati la nguo kufika kilo 40 si ajabu. Tena ni bapa na nje ni laini, kwa hiyo linateleza.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kulipa. Urefu, upana, unene na uzito viko kwenye lebo ya boksi. Kwenye gari usipime ndani tu, pima na uwazi wa mlango wa buti, kwa kuwa mara nyingi ndipo mzigo unapokwama. Uliza pia kabati lina maboksi mangapi. Lile dogo la skurubu ndilo husahaulika dukani.

Hatua ya 2: Laza viti na upange. Ukilaza na mgongo wa kiti cha abiria cha mbele, unapata urefu wa kutosha hata kwa mbao ndefu. Zito chini, jepesi juu. Kioo kisimamishwe kwa ukingo katikati ya blanketi, kisilazwe. Kikilala, shimo moja la barabarani linakipinda na kukipasua.

Hatua ya 3: Ziba nafasi iliyo mbele ya boksi. Hapa ndipo watu wanapoumia. Boksi linalokwenda kilomita 50 kwa saa lina nguvu ileile ya boksi lililodondoka kutoka karibu mita 10. Ukipiga breki, gari linasimama, boksi linaendelea na safari. Basi lisukume mpaka liguse mgongo wa kiti, kisha lifunge mkanda kwenye vile vipete vya sakafu ya buti. Pengo likibaki, jaza mito au blanketi iliyokunjwa kwa kubana.

Usiegemeze ncha ya boksi kwenye dashibodi. Mfuko wa hewa ukifumuka, unalirusha boksi kwa walio ndani. Na mtoto asikae ubavuni mwa mzigo, hata kama umefungwa.

Hatua ya 4: Ikibidi juu ya keria. Soma kitabu cha gari. Magari madogo mengi huruhusu kilo 50 hadi 75 juu, na keria yenyewe imo kwenye hesabu hiyo. Pitisha mikanda miwili kukata upana, na mwingine kutoka mbele ya boksi hadi kwenye ndoano ya kuvutia gari. Funga kwenye vyuma vya keria. Kamba ya nailoni mimi siiamini: inavutika, na ikilowa ndiyo kabisa. Pembeni weka vipande vya kadibodi ili mkanda usile kona. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inaongezeka mara nne, kwa hiyo nenda polepole. Baada ya dakika kumi simama, uishike mikanda kwa mkono. Lazima utakuta mmoja umelegea.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, boksi linazidi kidogo tu. Naweza kuacha buti wazi nikaifunga kwa kamba?

Jibu: Ndugu yangu, epuka. Moshi wa ekzosi unavutwa ndani, na ile gesi ya sumu iliyomo, kaboni monoksaidi, haina harufu. Jaribu kwanza kufungua boksi. Urefu hautapungua sana, maana ubao mrefu uko vilevile, ila utapitisha mbao mojamoja kimshazari.

Swali: Na rafiki yangu akilishika kwa mkono dirishani, likiwa juu ya paa?

Jibu: Hapana. Upepo ukishaingia chini yake, mkono hauna ubavu huo. Atakachookoa ni vidole vyake, akiwahi kuachia.

Swali: Langu limenyeshewa njiani, kona moja imelowa. Limeharibika?

Jibu: Vua kadibodi sasa hivi, usisubiri kesho. Futa mbao, zisimamishe zikiachana ili hewa ipite, mbali na jua kali. Ukingo uliokwisha kuvimba haurudi. Kama ni ubao mmoja tu, upeleke upande unaotazama ukuta, ikiwa matundu ya skurubu yanaruhusu.